Mashindano ya ngoma za shule yatolewe nje, wazazi tuyaone

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumze na Wizara ya Elimu na Michezo, wakuu wa shule na wazazi wenzangu kuhusu mashindano ya muziki, ngoma na maigizo ya shule. Msimu wake unakaribia tena. Watoto watabakizwa shuleni mpaka jioni wakifanya mazoezi, wazazi tutaletewa karatasi ya kuchangia mavazi na usafiri, halafu siku yenyewe itapita na sisi hatutaona kitu. Ninachoomba ni kwamba mashindano haya yatolewe kwenye kumbi za shule, yaletwe mjini, mchana kweupe, mahali ambapo bibi anayetoka sokoni anaweza kutua kapu lake akasikiliza.

Mwaka juzi mjukuu wangu alikuwa katika kikundi cha shule yake. Ngazi ya wilaya ilifanyika katika shule moja hapa mjini ambayo sitaitaja. Nilipiga shati pasi, nikafika getini, askari akaniambia wazazi hawaruhusiwi, ukumbi ni wa washindani na majaji. Mimi nimevaa sare ya polisi sehemu kubwa ya maisha yangu, naelewa kwamba amri ni amri, kwa hiyo sikumgombeza. Nikasimama nje ya ukuta na vijana wawili wa boda boda, tukasikiliza ngoma ya engalabi ikilia huko ndani bila kujua inapigwa na nani. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Mtoto huyu alicheza kwao, na wa kumtunza yuko nje ya ukuta ameshika elfu tano mkononi.

Nisingeandika kwa ajili ya hilo peke yake. Nimeshika kalamu kwa sababu baadaye niliona mambo yakifanywa kwa njia nyingine, Ayalandi. Binti yangu ni muuguzi huko, na Agosti 2025 alituita mimi na mama yake pamoja na wajukuu wawili tunaoishi nao Nsambya, hapa Kampala. Shule za kule zimefungwa mwezi huo, na kila mji una tamasha lake. Alikuwa ameshatupangia mawili: Fleadh Cheoil katika mji wa Wexford, na gulio la Puck katika mji wa Killorglin.

Fleadh ni mashindano ya taifa ya muziki wa asili. Yalianza mwaka 1951 katika mji wa Mullingar. Wapiga muziki wa asili walikuwa wameona fani yao inasukumwa pembeni, wakaunda chama, Comhaltas Ceoltóirí Éireann, wakaitana wapige pamoja. Walikuja watu mamia machache tu. Leo kwa wiki moja wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu, tena wanamiminika katika mji kama Wexford ambao siku za kawaida una wakazi kama 21,000. Na tamasha lenyewe halina makao ya kudumu. Mullingar walilipokea mwaka 2022 na 2023, Wexford 2024 na 2025, na mwaka huu wa 2026 limepangiwa Belfast kwa mara ya kwanza. Miji inaligombea, maana mwenye duka, mwenye nyumba ya wageni na muuza chipsi wote wanavuna.

Tulikwenda Wexford kwa treni kutoka Dublin. Reli inafuata bahari kwa muda, kisha inaingia ndani, na baada ya hapo inasimama Arklow. Kwa watu wa Nsambya, Arklow si jina la kupita hivi hivi. Ndiko alikozaliwa Mama Kevina mwaka 1875, yule mtawa aliyefika kwetu mwaka 1903 na kuanza kutibu watu chini ya mwembe, mahali ambapo leo ni hospitali ya Nsambya. Kaburi lake liko Nkokonjeru. Mama watoto alijifungulia wanetu wote katika hospitali hiyo, na treni iliposimama alibandika uso dirishani mpaka tukaondoka. Akasema, "Kumbe mji wenyewe ni mdogo namna hii?"

Wexford nayo ni mji wa vichochoro. Barabara kuu ya maduka ni nyembamba kiasi kwamba magari mawili hayapishani, na wiki ile magari hayakuruhusiwa kabisa. Kila baada ya hatua chache kuna kikundi: hapa watoto wawili na filimbi za bati zenye matundu sita, pale dada na kaka na violini, kasha limefunguliwa chini linapokea sarafu. Wale watoto hawakuwa wameletwa na mwalimu wala hawakuvaa sare. Mama yao alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara anakula stroberi, maana Wexford ni nchi ya stroberi, na akiona shilingi za Ulaya zimejaa anazikusanya anaziweka mfukoni. Barabarani hulipi kiingilio. Unasimama, unasikiliza, ukichoka unasogea mbele.

Kuna jambo nililiona karibu ambalo limenikaa. Katika uwanja mdogo uitwao Bullring, penye sanamu ya mpiganaji wa uasi wa mwaka 1798 ameshika mkuki, palikuwa na mzee wa rika langu anapiga violini, msichana na konsatina, na mvulana wa miaka kama kumi na ngoma yao, bodhrán. Ni ngozi ya mbuzi iliyovutwa juu ya duara la mti, upande mmoja tu. Mkono wa kulia unashika kijiti kifupi na kukitikisa, kinagonga kwa ncha zote mbili. Lakini kazi kubwa iko mkono wa kushoto, ambao umeingizwa nyuma ya ngozi: unaikandamiza, unaiachia, unaiteleza, na sauti inapanda na kushuka. Mjukuu wangu hupiga engalabi, ile ngoma yetu ndefu ya ngozi ya kenge iliyopigiliwa vijiti, na kwake mikono yote miwili iko juu inaonekana. Aliposikia ngoma inabadilisha sauti bila yeye kuona sababu, akazunguka nyuma ya yule mvulana, akainama kabisa. Yule mvulana hakuacha kupiga. Aligeuka tu kidogo ili mwenzake aone mkono. Wimbo ulipokwisha akampa kijiti. Mzee wa violini akaanza upya, polepole, akimtazama mjukuu wangu miguu ili ajue kama ameshika mwendo. Hakuna aliyepiga picha, hakuna aliyetangaza kwamba mgeni kutoka Uganda anapiga. Walimfundisha kama wanavyofundishana wao, wimbo wa pili akapewa kasi ya kawaida, akapotea, akacheka, akarudisha kijiti.

Haya mambo ya kufundishana yana mahali pake rasmi pia. Wiki hiyo hiyo kuna shule iitwayo Scoil Éigse, ambapo watoto huingia madarasani na wapigaji wakubwa. Asubuhi unawaona njiani na makasha mgongoni yanayozidi urefu wao. Sisi tunapeleka watoto kwenye mashindano wakiwa wameshakaririshwa, wanatoa, wanapewa alama, wanapandishwa basi. Kule mtoto aliyeshindwa siku moja anaweza kuwa darasani na bingwa aliyemzidi.

Mashindano yenyewe tuliyaingia, ya walio chini ya miaka 12. Kuna tabaka nne za umri: chini ya 12, 12 hadi 15, 15 hadi 18, na zaidi ya 18. Hili la mwisho lilimfurahisha mama watoto kuliko yote, kwa kuwa halina dari. Babu anaweza kukaa kiti kile kile alichotoka kijana wa miaka 19 na wote wakapimwa kwa mizani moja. Mtu hafiki pale hivi hivi. Anaanzia kaunti yake, anakwenda jimbo, ndipo taifa, sawasawa na sisi tunavyotoka wilaya kwenda kanda. Kwa mpangilio hatuna tunachopungukiwa. Tofauti ni nani amekaa ukumbini. Mle ndani palikuwa na shangazi, watoto wachanga, baba amelala usingizi mstari wa nyuma. Msichana mmoja alikosea katikati ya wimbo akasimama. Ukumbi mzima ukatulia ukamsubiri, akaanza tena.

Na si ala peke yake. Wana shindano la kusimulia hadithi, shindano la kupiga mbinja, shindano la kuimba muziki wa dansi kwa mdomo bila maneno, kama ilivyokuwa zamani ala inapokosekana na watu wanataka kucheza. Halafu kuna moja ambalo naomba wasomaji wa gazeti hili walisikilize vizuri: shindano la mazungumzo. Watoto wawili wanakaa, wanazungumza Kiairishi, majaji wanasikiliza. Kiairishi ndiyo lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza kwa mujibu wa katiba yao, Kiingereza ya pili, lakini ukitembea Dublin utasikia Kiingereza kutwa nzima. Wanalijua hilo, na hawakukaa wakilalamika kwamba lugha haina watu. Wamewapa watoto sababu ya kuizungumza mbele ya bibi zao na kurudi nyumbani na medali.

Sisi Kiswahili chetu kiliingia katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Mpaka leo mjukuu wangu ana daftari la Kiswahili lenye ngeli zimepigiwa mistari kwa wino mwekundu, na akitoka nje kucheza anazungumza Luganda na Kiingereza. Kiswahili anakipata kwangu na kwa watoto wa kambi ya polisi. Sasa fikiria shindano la mazungumzo ya Kiswahili, mtoto wa Arua na mtoto wa Kabale wamekaa viti viwili, wanazungumzia bei ya mkaa au mechi ya jana, na sisi tunasikiliza. Hakuna mavazi ya kukodi wala basi la kubeba ngoma. Viti viwili na jaji anayejua lugha. Watoto wa kambi za polisi na jeshi wangeshinda miaka ya mwanzo, nakubali, na ingekuwa haki yao kwa mara moja kusifiwa kwa Kiswahili chao badala ya kuambiwa ni cha amri na matusi.

Killorglin nitapita haraka. Ni mji mdogo upande wa pili wa nchi, Kerry. Gulio hufanyika kila mwaka tarehe 10, 11 na 12 Agosti hata iwe siku gani ya wiki, na hati ya Mfalme James wa Kwanza ya mwaka 1613 ndiyo iliyolipa ruhusa ya kisheria. Sifa yake ni mbuzi dume wa mwituni anayekamatwa milimani, akavikwa taji na msichana wa shule, akapandishwa kwenye jukwaa refu kuwa mfalme. Wanasimulia kwamba zamani beberu mmoja aliwatoroka askari wa Cromwell, jemadari wa Kiingereza, akaingia mjini hoi, na wenyeji wakajua adui yuko njiani. Miaka ya nyuma mfalme alikaa huko juu siku zote tatu. Siku hizi, baada ya watetezi wa wanyama kupiga kelele, wamempunguzia muda. Sisi tulifika siku ya pili, ya mnada wa ng'ombe, na mbuzi hatukumwona. Mjukuu wa kike alinuna mpaka akanunuliwa aiskrimu. Mama watoto, ambaye kwao ni Sironko, hakuwa na habari na mfalme. Alitumia saa zake kwa ndama, akibishana na mkulima mmoja juu ya umri wa mnyama kwa kumfungua meno. Walielewana vizuri sana wale wawili.

Nisiwapambe Waairishi kupita kiasi. Vyumba Wexford vilikuwa bei ya kutisha, tukalala kwa muuguzi mwenzake binti yangu huko Enniscorthy, tukawa tunakwenda na treni asubuhi. Mvua ilitupiga. Vyoo ni foleni. Na giza likiingia vijana wanaanza kuyumba na glasi za plastiki mkononi. Killorglin baa zina ruhusa ya kubaki wazi mpaka saa tisa usiku siku za gulio, na sikutaka kuyaona ya saa nane. Lakini kila mzazi anajua mpaka uko wapi. Mchana ni wa familia, usiku ni wa wanywaji, na wenye watoto wanaondoka mapema bila ugomvi.

Kwetu tumeufanya usiku kuwa tamasha lote. Ukitaja tamasha kwa Mganda leo anawaza Nyege Nyege, Jinja, tangu 2015. Waende wanaotaka, mimi si askari tena. Lakini mwaka 2022 tulibishana mpaka Bungeni kama lipigwe marufuku, na katika kelele zile zote sikusikia kiongozi hata mmoja akiuliza mtoto wa miaka tisa na nyanya yake waende tamasha lipi.

Wakati huo huo vitu vya kuwaonyesha vinatutoka mkononi. Busoga wana bigwala, tarumbeta za vibuyu. Kila kibuyu kina urefu wake na kinatoa sauti moja tu, kwa hiyo wimbo hautimii mpaka wapigaji wasimame wote, kila mtu apulize pale zamu yake inapofika. Akikosekana mmoja, wimbo una pengo. UNESCO ilipouingiza muziki huo katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, mwaka 2012, wazee waliobaki wenye ujuzi kamili walikuwa wanne. Waairishi nao wana zumari lao la kiriba, linalojazwa upepo kwa kiwiko badala ya mdomo, ambalo karne iliyopita lilibaki na wapigaji wachache sana. Mimi nimeona msichana wa shule akilipiga Wexford amekaa juu ya ndoo. UNESCO imeliandika pia, mwaka 2017, lakini katika orodha ya kawaida, ile isiyo ya dharura. Nembo ya taifa lao ni kinubi, kipo hata kwenye sarafu zao. Ngao yetu ina ngoma. Ni mataifa mangapi yaliyoweka ala ya muziki pale ambapo wengine wameweka simba na tai? Wao wametoka wakaipiga ile ya kwao.

Kwa hiyo mapendekezo yangu kwa Wizara, na sitaki mtu aniambie bajeti hakuna kabla hajasoma. Mwaka huu ni mwaka wa shufwa, Agosti imbalu, sherehe ya tohara ya Wagisu, itafunguliwa Mutoto, na Mbale yote itakuwa barabarani na ngoma za kadodi kama desturi. Watu watakuwepo, hawahitaji kuitwa. Fainali za kanda ya mashariki zipelekwe Mbale mwezi huo, siku ambayo haigongani na sherehe ya wenyewe, na zichezwe barabarani. Wazee wa bigwala waletwe kutoka Busoga si kutumbuiza wageni rasmi, bali kukaa chini ya hema na watoto kuanzia asubuhi mpaka saa kumi. Mwaka mwingine iwe zamu ya Fort Portal, au Arua waje na vinubi vyao vya adungu. Mji wenyewe uombe, wafanyabiashara wake wachangie, maana watakaouza chapati za mayai na soda ni wao.

Najua atatokea mtu aseme barabara haiwezi kufungwa kwa ajili ya watoto. Nimefunga barabara za Kampala kwa misafara ya wakubwa miaka mingi, mara nyingine kwa taarifa ya dakika chache, na jua linatuwakia sisi na wenye haraka zao. Barabara hufungwa. Inategemea anayepita ni nani.

Na kwa wakuu wa shule za hapa karibu ambao hawataki kuisubiri Wizara: chagueni Jumamosi moja kabla ya ngazi ya wilaya, vikundi vyenu vifanye mazoezi ya mwisho nje, hata kama ni kipande cha barabara ya mtaa chenye mti wa kivuli. Mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, tutamwona sisi. Nimeshazungumza na wastaafu wenzangu wa Nsambya na Naguru, tuko tayari kuzuia magari bila malipo, na filimbi zetu za kazi bado zinalia. Mnachotakiwa kuleta ni watoto na ngoma, na getini msimwambie mzazi arudi.

Mstaafu wa Polisi,
Nsambya, Kampala